Ufunguo wa Kisima cha Wakfu

Ilipofika saa mbili asubuhi ya Ijumaa, foleni ya ndoo tupu mbele ya kisima cha Mkonze ilikuwa imefika barabarani, na kila aliyesimama nyuma ya ndoo yake alimtazama Inspekta Raheli Ndahani kama anavyotazamwa mwizi aliyetoka kwa dhamana. Hakuna aliyemsalimu. Alipoinama kupita chini ya kamba ya polisi mtu mmoja alitema mate, si karibu naye sana, lakini si mbali vya kutosha.

Kamba ile aliifunga mwenyewe Jumatano. Ulikuwa mwezi wa kumi wa mwaka tisini na nne, mvua ya kwanza ilikuwa bado wiki saba, na bomba la mjini lilileta maji Mkonze siku moja kwa wiki. Siku hiyo ilikuwa imekwisha kupita.

Kisima chenyewe kilikuwa cha wakfu. Bi Zafarani binti Feruzi, mjane aliyekuwa akiuza ufuta kwa wasafiri wa garimoshi, alikichimbisha mwaka hamsini na saba baada ya kuzika watoto wawili katika ukame mmoja. Pembeni alijenga vyumba sita vya kupangisha, kisha akaandika hati mbele ya kadhi: mali ile isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, maji yawe ya kila mwenye kiu, awe mtu au mnyama, na kodi ya vyumba imlipe mkunga. Baadaye ikaongezwa mashine ya kusaga. Nusu ya watu waliokuwa kwenye foleni ile, Wakristo kwa Waislamu, walipokelewa duniani na mkunga aliyelipwa na mali ya yule mjane.

Msimamizi wa wakfu kwa miaka thelathini na moja alikuwa Mzee Mwinshehe Kaombwe. Jumatano alfajiri wanawake waliowahi maji walikuta mfuniko wa kisima uko wazi, na walipoangaza chini wakamwona mzee akielea.

Daktari alimpa Raheli mambo matatu. Kisogo cha marehemu kilikuwa kimepasuka. Mapafu yake hayakuwa na maji. Na ndani kabisa, puani na kooni, palikuwa na tope la unga wa uwele. Maana yake mzee alikuwa amekwisha kufa alipotiwa kisimani, na kabla ya kufa alivuta unga.

Mtuhumiwa alipatikana haraka, haraka kupita kiasi. Jumatatu mfugaji mmoja, Yotham Chilongani, aligombana na mzee kuhusu zamu ya kunywesha ng'ombe, akasema mbele ya watu kumi kwamba mzee atakufa na kisima chake. Jumanne mke wa Yotham alisaga debe zima la uwele. Raheli mwenyewe ndiye aliyemkamata. Tangu siku hiyo msikitini ilisemwa kwamba Mkristo ameua mlinzi wa mali ya Mungu, kanisani ikasemwa kwamba Mgogo maskini anabebeshwa zigo la wengine, na majirani walioazimana chumvi miaka ishirini wakaanza kupishana njiani bila neno.

Asubuhi ile kabla hajatoka kituoni, mkuu wake wa upelelezi, Damas Luhanga, alimwambia anataka faili mezani saa kumi jioni, jina la Yotham likiwa kwenye hati ya mashtaka. Raheli alisema unga hautoshi. Damas akajibu kwamba unga, ugomvi na kitisho vinatosha kabisa. Kisha akakumbusha, bila kuinua macho kwenye karatasi zake, kwamba Raheli na mtuhumiwa wote ni watu wa Bahi, na kwamba kuna watu wameanza kuuliza.

"Wakiuliza, waambie aliyemweka ndani ni mimi," Raheli alisema.

"Ndiyo maana nataka atakayempeleka mahakamani awe wewe."

Sasa alisimama kwenye ukingo wa kisima, saruji iliyomfika kiunoni. Kufuli lilikuwa bado linaning'inia kwenye pete ya mfuniko, kubwa, la shaba, limeliwa na miaka. Ufunguo wake ulikuwa kituoni, ndani ya bahasha ya vielelezo, pamoja na kikoi cha marehemu. Askari aliyemvua maiti nguo ndiye aliyeukuta, umefungwa fundo kwenye pindo la kikoi, fundo gumu la mtu aliyezoea kulifunga kila siku. Jumatano Raheli aliuandika kwenye orodha na kuendelea na mengine. Usiku wa kuamkia leo ndipo fundo lile lilipomrudia akilini.

Aliivuka tena kamba, akamwendea mwanamke aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Aliitwa Anastazia, muuza pombe ya mtama, na ndiye aliyepiga yowe la kwanza Jumatano.

Anastazia alisema yeye amekwisha kuandikisha maelezo yake, na kwamba watoto wake jana walikoga kwa kitambaa. Raheli alimwacha amalize. Halafu akamwuliza mzee alikuwa akiuweka wapi ufunguo, akishafungua.

"Kwenye kufuli."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Akifungua alfajiri anauacha humohumo mpaka jioni, ili yeye akiwa msikitini mtu asikwame. Jioni anafunga, anaufunga kikoini, anaenda zake. Hata Jumanne mimi ndiye niliyechota mwisho, saa kumi na moja, nikamwona akifunga."

Raheli alimwomba arudie maneno ya mwisho, akayaandika. Kama mzee angekuwa amefungua kisima mwenyewe, ufunguo ungekutwa kwenye kufuli. Ulikutwa kwenye kikoi, katika fundo la jioni. Basi tangu Jumanne saa kumi na moja fundo lile halikufunguliwa tena, na kisima kilifunguliwa na ufunguo mwingine. Yotham Chilongani hakuwahi kupewa hata jembe la wakfu ule, sembuse ufunguo.

Hapo aliona kitu cha pili. Chini ya ukuta wa msikiti lilikuwa limeegeshwa lori la tani saba, limejaa kifusi. Alimwuliza Anastazia lile ni la nini.

"La kufukia kisima," alisema Anastazia. "Baada ya sala ya Ijumaa. Wamesema maji yamekuwa najisi. Hujui? Ninyi ndio mlioanza kutufungia, wao wanamalizia."

Ofisi ya kamati ya wakfu ilikuwa katika kimoja cha vile vyumba sita. Katibu wa kamati, Mahadhi Kilongo, hakumkaribisha kiti. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Mpaka mwaka uliopita alikuwa karani mkuu wa shirika moja la umma, hadi lilipofungwa na wafanyakazi wake wakarudishwa makwao na kiinua mgongo cha miezi mitatu. Tangu hapo aliushika ukatibu wa wakfu, na mashine ya kusaga ikawa chini yake.

Raheli alimwambia anahitaji maelezo ya nyongeza, mafupi. Akaanza na ufunguo.

"Ufunguo ni mmoja," Mahadhi alisema. "Ulikuwa kwake. Sasa uko kwenu."

"Hakuna wa pili?"

"Umeuliza, nimejibu."

Raheli aliandika. Kisha akauliza ni nani anayesimamia wakfu sasa. Mahadhi alieleza kwamba jana, baada ya maziko, kamati ilikutana na kumteua yeye akaimu nafasi ya msimamizi. Raheli akauliza kama aliwahi kukaimu kabla ya hapo, siku mzee anapougua au kusafiri. Lilikuwa swali la kujaza fomu tu. Mahadhi alitabasamu kidogo, kama karani anayemsahihisha mgeni dirishani.

"Kabla ya jana nilikuwa katibu. Msimamizi alikuwepo, mzima. Ningekaimu nini?"

Kuhusu kifusi alizungumza kwa kirefu zaidi. Maji yaliyolaliwa na maiti usiku mzima, alisema, ni najisi, na kisima kile ndio mwisho wake. Wakfu ukipoteza manufaa, sheria inaruhusu ubadilishwe kwa kitu chenye manufaa. Alikuwepo mfanyabiashara, Brighton fulani kutoka Arusha, aliyehitaji kiwanja cha barabarani kwa ajili ya kituo cha mafuta, naye alikuwa tayari kutoa kiwanja kingine na jengo juu yake.

"Na haya ni mambo ya dini yetu," alimalizia. "Kazi yako ni muuaji, na umekwisha kumpata. Sijui unachotafuta kwetu."

Alipopewa maelezo yake ayasome, aliyasoma mara mbili, akasahihisha herufi moja kwa kalamu yake, akatia saini chini ya kila ukurasa.

Raheli alipotoka alikuwa na neno moja kichwani, nalo ni najisi. Hakulijua vizuri, na hakupenda kulipokea kutoka kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kufukia. Aliuliza njiani ni nani Mkonze aliyesoma dini kuliko wote, na mwenye duka akamwambia, kwa shingo upande, aende kwa Mwalimu Joha.

Bi Joha alifundisha chuo cha Kurani katika banda la nyuma ya msikiti. Alikuwa amekaribia miaka sitini, mwembamba, na baba yake ndiye fundi aliyekichimba kisima cha Bi Zafarani kwa sululu na baruti. Raheli alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuuliza jambo la dini."

Bi Joha hakuitikia. Aliendelea kumsikiliza mtoto mmoja mpaka akamaliza aya yake, akamsahihisha, akamrudisha mwanzo. Raheli alibaki juani. Hatimaye mwalimu alisema, bila kumgeukia, kwamba yeye hazungumzi fikihi na askari. Askari waliomweka marehemu usiku na mchana wakati anatakiwa kuzikwa, wakampasua, wakampeleka kaburini ameshonwa kama gunia.

Raheli alisema hilo lilikuwa agizo lake na halikatai. Akasema bila kupasuliwa kule, mzee angeandikwa ameteleza. Kisha akamwambia kuna lori la kifusi nje, na kwamba saa nane kisima kinafukiwa.

"Shekhe ndiye aliyetoa hukumu hiyo," alisema Bi Joha.

"Shekhe yuko Kondoa tangu Jumapili, msibani kwao. Aliyetoa hukumu ni Bwana Mahadhi."

Bi Joha alifunga kitabu chake. Halafu aliwaambia watoto wafunge vitabu waende kwao. Banda lilipobaki tupu, alimwonyesha Raheli jamvi, naye akabaki amesimama.

"Maiti ya mwanadamu kwetu sisi si najisi," alisema. "Hilo ni la kwanza. La pili, maji yakiwa mengi kama ya kisima kile, hata najisi ikiingia hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Na yakibadilika, yanachotwa mpaka yasafike, watu wanakunywa. Hili si la kutafuta kwa darubini. Liko katika mlango wa kwanza wa kitabu cha kwanza."

"Bwana Mahadhi anaweza kuwa hakusoma?"

"Tulisoma darasa moja, kwa marehemu baba yangu. Alikuwa mbele yangu kwa juzuu mbili."

Raheli aliuliza kuhusu ufunguo wa pili. Hapo Bi Joha aliketi. Alisimulia kwamba mfungo wa mwaka jana mzee alilazwa kwa ngiri, na ili watu wasikose maji, yeye mwenyewe aliuchukua ufunguo mpaka kwa fundi wa sokoni Majengo, ukachongwa mwingine. Mzee alipotoka hospitali hakuuliza tena habari zake.

"Ulimpa nani?"

"Nilimtia Mahadhi mkononi. Akauvika kwenye pete ya funguo za mashine mbele yangu."

"Kwa nini hukusema Jumatano, Mwalimu?"

"Jumatano nani aliniuliza? Mlikuja na mbwa, mkamkuta mtu aliyesema neno la hasira, mkaondoka naye." Alimtazama Raheli kwa mara ya kwanza usoni. "Sisemi kwa ajili yako. Naisemea kazi ya baba yangu, na wale wanaozaa kwa mkunga pale nyuma bila maji ya kuoshwa."

Ilikuwa saa tano kasoro. Ufunguo peke yake ungeweza kukanwa. Mtu angesema aliupoteza, au aliibiwa. Raheli alihitaji sababu iliyoandikwa mahali. Mahadhi alikuwa karani, na karani hauzi kiwanja kwa mdomo. Akamwambia dereva ampeleke mjini, ofisi ya ardhi.

Karani wa masjala aliitwa Dorothea. Alimwambia Inspekta kwamba majalada ya viwanja hayatolewi bila barua ya mkuu wa idara, na mkuu wa idara yuko kikaoni. Raheli alisema anahitaji kuona kitabu cha kupokelea barua tu, ukurasa mmoja, wa kiwanja cha wakfu cha Mkonze. Dorothea alisema hata kitabu kina utaratibu wake. Aliposikia kwamba msimamizi wa wakfu ule ameuawa, mkono wake uliokuwa ukifunga droo ulisimama.

"Mzee yule mwenye kanzu ya rangi ya maziwa?" aliuliza. "Anayechechemea?"

"Ndiye."

"Alikuwa hapa Jumanne."

Hakuomba tena barua. Alitoa jalada, akalifungua kwenye kaunta, akaligeuza. Juu kabisa palikuwa na barua ya kupigwa taipu, ya kuomba kiwanja cha wakfu kibadilishwe kwa sababu kisima chake "kimeharibika na hakifai tena kwa matumizi ya watu". Mhuri wa kupokelewa ulisema Jumanne, na kitabu kilisema saa nne asubuhi. Bodi ya viwanja ingekaa Jumatatu, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumanne hiyohiyo. Chini palikuwa na saini ambayo Raheli alikuwa ameiona asubuhi ile chini ya kila ukurasa, na chini ya saini, kwa herufi kubwa: M. KILONGO, KAIMU MSIMAMIZI.

Jumanne saa nne msimamizi alikuwa hai. Kisima kilikuwa kinachotwa.

Dorothea alieleza yaliyobaki kwa sauti ndogo. Mzee alikuja saa nane mchana kulipia pango la ardhi, kama kila mwaka. Yeye Dorothea, akidhani anamsaidia, akamwambia ombi lao limefika kwa wakati. Mzee akauliza ombi gani. Akampa barua. Aliisoma mara mbili, akaketi kwenye benchi lile pale, akaomba maji ya kunywa.

"Alisema neno?"

"Aliniuliza, huyu kaimu anakaimu nafasi ya nani. Nikacheka, nikajua ni utani. Yeye hakucheka." Dorothea alifuta kaunta kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. "Halafu akasema anakwenda kumwuliza mwenyewe."

Raheli aliichukua barua ile kwa hati ya kielelezo, akaisaini, akarudi Mkonze.

Alikuta watu wanatoka kuswali. Lori lilikuwa limewashwa, limerudi nyuma mpaka hatua chache kutoka kisimani, na kamba ya polisi ilikuwa imekatwa. Ncha zake mbili zililala vumbini. Upande mmoja walisimama wanaume wa msikitini, upande wa pili wenye ndoo, na katikati yao hapakuwa na mtu. Mahadhi alikuwa karibu na dereva wa lori, akimwelekeza kwa mkono.

Raheli alitembea mpaka mbele ya tairi la nyuma, akasimama. Dereva alizima. Minong'ono ilianza pande zote mbili, na haikuwa ya heri. Sauti moja iliuliza kama leo polisi ndio wanaohukumu wakfu. Nyingine, ya kwenye ndoo, ilimwambia atoke kisima kifukiwe basi, wajue moja. Alingoja zipungue.

"Bwana Mahadhi, naomba pete yako ya funguo za mashine."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu. Ukikataa nitaichukua, na watu wataona imechukuliwa."

Mahadhi aliwatazama wanaume wa msikitini. Bi Joha alikuwa amesimama mbele yao, mahali ambapo wanawake hawakuzoea kusimama, amekunja mikono, naye alikuwa akimtazama Mahadhi tu. Katibu alitoa pete mfukoni. Ilikuwa na funguo sita. Raheli alikwenda nayo mpaka kwenye mfuniko, akalishika kufuli la shaba, akalifunga mbele ya macho ya wote, akalivuta kuonyesha limefunga.

Ufunguo wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia, haukugeuka. Wa tatu ulikuwa wa boksi la fedha, mdogo mno. Kelele zilikuwa zimekufa. Walisikika mbuzi tu ng'ambo ya barabara. Wa nne uliingia, akaugeuza, na kufuli likafunguka kwa mlio mkavu uliofika kwa kila mtu.

"Nilisahau kwamba nilikuwa nao," Mahadhi alisema.

"Na hii ulisahau?" Raheli aliinua ile barua ya ofisi ya ardhi. Hakupaza sauti. Alimsomea tarehe, alimsomea sentensi ya kisima kilichoharibika, akamsomea cheo. Kisha akatoa maelezo ya asubuhi na kusoma mstari mmoja: msimamizi alikuwepo, mzima, ningekaimu nini.

Mzee mmoja wa msikitini alimsogelea Mahadhi, akamwuliza kwa upole kama hiyo ni saini yake. Mahadhi aligusa kalamu zake mfukoni. Yule mzee akarudi nyuma hatua mbili, na wengine nyuma yake wakafanya hivyohivyo, mpaka katibu akabaki peke yake na lori.

Alikiri ndani ya Land Rover ya polisi, vioo vimefungwa, jasho likimlowesha shati lile jeupe. Hakulia wala hakuomba huruma. Alizungumza kama mtu anayetetea bajeti. Serikali ilikuwa inajiondoa kila mahali, alisema. Mashirika yamefungwa, hospitali sasa watu wanalipia hata sindano. Mji unakuja Mkonze. Kodi ya kituo cha mafuta ingejenga zahanati kamili yenye vitanda, baada ya miaka mitano shule ya sekondari, baada ya kumi ardhi nyingine. Alikuwa amechora yote, kwa mizania ya kila mwaka. Mzee alimsikiliza tangu mwezi wa mfungo, na kila mara jibu lake lilikuwa lilelile: Bi Zafarani alisema maji.

"Yeye aliona wakfu ni ndoo," Mahadhi alisema. "Mimi niliona ni mtaji wa umma. Ni nani kati yetu aliyekuwa anawatakia heri hawa?"

Raheli aliuliza kuhusu Jumanne. Mzee alimfuata kwenye mashine magharibi, baada ya wateja kuondoka. Alimwuliza anakaimu nafasi ya nani. Alisema kesho asubuhi atakwenda kuifuta barua ile mwenyewe. Mahadhi alimsukuma, akadai ni mara moja tu, si kwa nguvu. Mzee aliangukia kisogo kwenye msingi wa injini, akaviringika kifudifudi kwenye unga uliomwagika.

"Alikufa palepale?"

Mahadhi alitazama nje, ambako watu walikuwa wamelizunguka gari kimya.

"Alikuwa anavuta pumzi," alisema.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka adhana ya isha."

Kutoka mashine ya kusaga mpaka chumba cha mkunga ni hatua thelathini. Raheli alikuwa amezipima Jumatano, kwa sababu nyingine. Aliandika jibu lile kama lilivyosemwa, akauliza swali la mwisho: kwa nini kisima. Kulikuwa na korongo, kulikuwa na reli.

"Barua ilikwisha kupokelewa," Mahadhi alisema. "Ilisema kisima hakifai. Nilitaka iwe kweli."

Jumamosi saa moja asubuhi Raheli alimtoa Yotham mahabusu kwa mkono wake. Alimwamkia kwa Kigogo, mbukwa, kama mtu wa kwao. Yotham hakuitikia. Alihesabiwa vitu vyake, fimbo, mkanda na kisu, akavichukua, kisha akauliza kwa Kiswahili chake kizito ng'ombe wake walinyweshwa na nani siku tatu. Raheli alisema hajui. Yotham akasema ndama wawili ndio watakaojua, kama bado wako hai, akatoka akaenda kwa miguu, akaipita Land Rover iliyokuwa inamngoja.

Kisimani kazi ilikuwa imeanza. Lori lilikuwa limeondoka na kifusi chake. Bi Joha alisimama ukingoni akitoa amri, na safu mbili za watu zilivuta kamba mbili, zikachota na kumwaga, zikachota na kumwaga, maji yakitiririka barabarani kuelekea kwenye michongoma. Wa msikitini na wa kanisani walikuwa wamechanganyika kwenye kamba, si kwa mapenzi. Mikono ilikuwa michache tu. Raheli alipofika na sare yake, Anastazia alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Vua viatu ushike kamba, au utupishe."

Alivua, akashika. Kamba ya katani ililoa na ikawa nzito, na baada ya saa moja viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Adhuhuri Yotham alifika na fimbo yake, akaegemeza fimbo ukutani, akaingia kwenye safu nyuma ya Raheli bila neno. Walivuta pamoja mpaka alasiri.

Maji yaliposafika, Bi Joha alichota kata ya kibuyu, akainusa, akaionja kwa ncha ya ulimi, kisha akanywa yote mbele ya kila mtu. Akachota ya pili, akampa Yotham. Ya tatu akampa Anastazia. Ndipo kata ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono, kwa wazee, kwa waliojifungua wiki ile, kwa mwendesha punda, kwa watoto waliokuwa wakisukumana.

Ilipita mbele ya Raheli mara tatu. Alisimama peku kwenye tope, koo limekauka, akaitazama ikipita. Kisha alifuta mikono kwenye sketi ya sare, akaokota vile vipande viwili vya kamba ya polisi, akaenda kwenye gari. Alitoa daftari, akatazama saa, akaandika: saa kumi na dakika ishirini jioni, kisima kimefunguliwa. Damu kidogo ya kiganja iliingia kwenye ukurasa, naye akaiacha ikauke kabla ya kulifunga.